Hesabu hatua kwa hatua: maswali ninayoulizwa sana darasani kwangu Mbeya

Nafundisha hesabu jioni na Jumamosi katika chumba kimoja si mbali na Mwanjelwa. Wanakuja watoto wa darasa la sita na la saba, wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na wachache wa kidato cha tano na sita ambao kalkulasi imewakaba koo. Kila mmoja hudhani tatizo lake ni la peke yake, kumbe swali lake nimelijibu wiki iliyopita, na mwaka juzi pia. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mambo, mengine kwa mkato.

Ticha, kila mtu anasema "onyesha hatua". Hatua ni nini hasa?

Hatua ni mstari ambao ukiulizwa "huu umetoka wapi?" unajibu kwa sentensi moja. Nimezidisha pande zote kwa 6. Nimefungua mabano. Nimebadili asili ziwe sawa. Ukijibu "ndivyo inavyofanywagwa", hiyo si hatua, umenakili tu.

Kwangu kuna zoezi ambalo wanafunzi hawalipendi. Tunapiga mstari wima katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto hesabu, kulia sababu. Wiki ya kwanza wanalalamika daftari linaisha haraka. Baadaye mtu anafika upande wa kulia, anatafuta cha kuandika, anakosa. Anarudi kushoto, anatazama, anacheka peke yake. Kosa amelikuta hapohapo, na mimi sijafungua mdomo.

Kwa nini 2/3 + 3/4 si 5/7? Si ni kujumlisha juu na juu, chini na chini?

Kabla ya kanuni yoyote, tazama jibu lako. Robo tatu peke yake ni 0.75. Hiyo 5/7 ni kama 0.71. Umekuwa na robo tatu, ukaongezewa, halafu ukabaki na pungufu. Hata mtoto wa chekechea hakubali biashara hiyo.

Sasa sababu. Namba ya chini, asili, ni jina la kipande. Namba ya juu, kiasi, ni idadi ya vipande. Nenda sokoni Sido ununue mahindi madebe mawili, halafu uongezewe sado tatu. Una tano? Tano za nini? Debe si sado. Lakini ukijua kwamba debe la lita 20 linajaa kwa sado tano za lita nne, unasema: madebe mawili ni sado 10, jumlisha sado 3, ni sado 13. Umevipa vipimo vyote jina moja, ndipo ukahesabu.

Theluthi na robo ni vivyo hivyo, majina mawili tofauti. Tunatafuta jina ambalo zote mbili zinaweza kuitwa, ndiyo maana ya Kigawe Kidogo cha Shirika, ile KDS mnayoikariri. Kwa 3 na 4 ni 12.

2/3 = 8/12 (juu na chini nimezidisha kwa 4)
3/4 = 9/12 (juu na chini nimezidisha kwa 3)
8/12 + 9/12 = 17/12
17/12 ni nzima 1 na 5/12

Asili haikujumlishwa kwa sababu jina halijumlishwi. Machungwa 8 na machungwa 9 ni machungwa 17, hayageuki kuwa kitu kingine.

Na kwenye kugawanya, kwa nini sehemu ya pili inageuzwa kichwa chini?

Swali hili nalipenda. Watu wazima wengi wanaijua kanuni, lakini waulize sababu uone wanavyoangalia dari.

Nenda duka la mtaani. Muuza duka ana sukari robo tatu ya kilo imebaki kwenye mfuko. Wateja wa siku hizi wananunua nusu robo. Ataweza kufunga vifuko vingapi? Hiyo ni 3/4 ÷ 1/8, kwa maana nusu ya robo ni 1/8. Muuza duka hahitaji kalamu. Anajua kilo moja inatoa nusu robo nane. Kama kilo nzima inatoa nane, robo tatu ya kilo itatoa robo tatu ya nane, yaani sita. Tazama alichofanya: alianza na "kugawanya kwa 1/8", akaishia na "kuzidisha kwa 8". Kichwa kimegeuka chini na hakuna aliyekigeuza kwa kukariri.

3/4 ÷ 1/8 = 3/4 × 8/1 = 24/4 = 6

Ukitaka kuhakiki kwa mizani, robo tatu ni gramu 750, nusu robo ni gramu 125, na 125 mara sita ni 750.

Kumbuka pia kwamba ni sehemu ya pili tu inayogeuzwa, ile unayogawanya kwayo. Kila mwaka nakutana na mtu aliyegeuza ya kwanza, na mwingine aliyegeuza zote mbili kwa usalama.

Na kwa wanaopenda maneno: nusu, robo, thuluthi na thumuni tumeyapokea kutoka Kiarabu, na thumuni ni sehemu moja ya nane. Wazee wanaoikumbuka sarafu ya senti 50 waliyoiita sumni walikuwa wanataja sehemu bila kujua. Ushuru nao asili yake ni moja ya kumi. Kwa hiyo msiniambie sehemu ni mambo ya wazungu.

MAGAZIJUTO inasema jumlisha kabla ya kutoa. Mbona 10 − 3 + 2 umesema ni 9?

Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Imetusaidia wengi, na imetudanganya wengi. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kufundisha, niliandika ubaoni 10 − 3 + 2 = 10 − 5 = 5, kwa kujiamini kabisa. Binti mmoja wa darasa la saba akanyoosha kidole: "Ticha, nikiwa na elfu kumi, nikatumia elfu tatu, halafu baba akanipa elfu mbili, nina elfu tano?" Sikuwa na pa kuficha uso.

Jumlisha na toa zina cheo kimoja. Zikikaa pamoja bila mabano, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia: 10 − 3 ni 7, 7 + 2 ni 9. Gawanya na zidisha nazo zina cheo kimoja: 24 ÷ 4 × 2 ni 6 × 2, yaani 12, wala si 24 ÷ 8. Kwa hiyo MAGAZIJUTO isomwe kama ngazi tatu: mabano, kisha GA na ZI pamoja, kisha JU na TO pamoja.

Kwa nini unanikata ninapoandika 5 + 3 = 8 × 2 = 16? Jibu si sahihi?

Jibu ni sahihi, ulichoandika ni uongo. Umesema 5 + 3 ni sawa na 16. Alama = haimaanishi "halafu" wala "jibu linafuata". Inamaanisha kilicho kushoto na kilicho kulia ni kitu kimoja. Robert Recorde wa Wales aliyeichapisha mwaka 1557 alichora vijistari viwili vilivyolingana urefu kwa sababu hiyohiyo: havipatikani vitu viwili vinavyolingana zaidi ya hivyo. Andika mistari miwili:

5 + 3 = 8
8 × 2 = 16

Linaonekana jambo dogo hadi ufike kwenye aljebra. Hapo ndipo naona "3x = 18 = x = 6", na mwenyewe haoni kwamba ameandika 18 ni sawa na 6.

Nikihamisha namba kwenda upande wa pili wa mlinganyo, kwa nini alama inabadilika?

Haihami. Hakuna kitu kinachoruka ng'ambo. Neno "hamisha" lingekuwa langu ningelifuta kwenye madaftari yote ya nchi hii, kwa sababu limezaa kosa hili ninaloliona kila wiki:

3x = 12
x = 12 − 3
x = 9

Mwanafunzi aliambiwa "ikihama inabadilika", basi akaihamisha 3 na kuibadilisha. Hakujiuliza 3 ilikuwa inafanya nini pale. 3 inaizidisha x. Anayeiondoa agawanye: x = 12 ÷ 3 = 4.

Fikiria mizani ya sokoni, ile yenye sahani mbili. Zimelingana. Ukiondoa kilo upande mmoja, ondoa kilo upande wa pili. Ukigawa upande mmoja mara tatu, gawa na wa pili mara tatu. Hiyo ndiyo aljebra nzima ya kidato cha kwanza.

5x − 7 = 2x + 11
3x − 7 = 11 (nimetoa 2x pande zote)
3x = 18 (nimejumlisha 7 pande zote)
x = 6 (nimegawanya kwa 3 pande zote)

Halafu unarudi kwenye swali la mwanzo, si kwenye mstari wa katikati, unaweka 6 mahali pa x. Kushoto: 30 − 7 = 23. Kulia: 12 + 11 = 23. Zimelingana, unafunga daftari.

Jina lenyewe aljebra limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, lililomo katika anwani ya kitabu alichokiandika al-Khwarizmi kule Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni kurudishia, kuunga kilichovunjika, na hutumika hata kwa kuunga mfupa. Mstari wetu wa tatu hapo juu ndio huo: upande wa kushoto ulikuwa umepungukiwa 7, tukairudishia, na kwa haki tukaiongeza upande wa pili.

Milinganyo yenye sehemu inanichanganya kabisa. Naanzia wapi?

Anza kwa kuzifukuza sehemu. Mfano:

(x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 4

KDS ya 2 na 3 ni 6. Zidisha kila kipande kwa 6, pamoja na ile 4 ya kulia ambayo wengi huisahau kwa kuwa haina sehemu.

3(x + 1) − 2(x − 2) = 24
3x + 3 − 2x + 4 = 24
x + 7 = 24
x = 17

Mstari wa pili ndio makaburini. Nusu ya darasa huandika 3x + 3 − 2x − 4. Ile toa iliyo mbele ya 2 inaingia kwenye mabano yote: −2 mara −2 ni +4. Ukikosea hapo utapata x = 25, na hakuna kitakachokushtua, maana 25 ni namba nzuri tu. Lakini hakiki. Kwa 17: 18/2 ni 9, 15/3 ni 5, 9 toa 5 ni 4, sawasawa. Kwa 25: 26/2 ni 13, 23/3 ni saba na kitu, tofauti ni tano na kitu. Si 4. Sekunde 20 za kuhakiki zimekuokoa.

Naruhusiwa kukata 6 na 3 kwenye (x + 6)/3 nibaki na x + 2?

Hapana. Weka x = 3 uone: 9/3 ni 3, lakini x + 2 ni 5. Kilichogawanywa kwa 3 ni jumla yote, x naye yumo. Sahihi ni x/3 + 2. Kata pale tu ambapo juu ni kuzidisha.

x² = 5x. Nimegawanya kwa x nikapata 5. Kwa nini nimepewa nusu ya alama?

Kwa sababu 0 nayo ni jibu, na umeitupa. Ukigawanya kwa x umejiapiza kwamba x si sifuri, na hakuna aliyekuambia hivyo. Leta vyote upande mmoja: x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0. Vitu viwili vikizidishwa vikatoa sifuri, lazima kimojawapo ni sifuri. Basi x = 0 au x = 5.

Mafumbo ndiyo yananishinda. Mlinganyo nikipewa natatua, nikipewa maneno nakwama.

Tatizo kubwa la mafumbo ni herufi, na hapa nitakaa kidogo. Chukua hili (bei ni za zoezi, usije ukaninukuu sokoni): Mama amenunua sado 3 za maharage na sado 2 za mchele wa Kyela kwa shilingi 34,000. Jirani yake, kwa bei ileile, amenunua sado 1 ya maharage na sado 2 za mchele kwa shilingi 22,000. Sado moja ya kila kimoja ni bei gani?

Namuuliza mwanafunzi: m ni nini? Anajibu "maharage". Hapo ndipo gari linapoacha njia. Maharage hayajumlishwi yakawa shilingi 34,000. m ni bei ya sado moja ya maharage, kwa shilingi. k ni bei ya sado moja ya mchele, kwa shilingi. Andika sentensi hizo mbili juu ya kazi yako kabla ya kitu kingine chochote. Sasa kila kipande cha mlinganyo ni fedha, na fedha zinajumlishika.

3m + 2k = 34,000
m + 2k = 22,000

Tazama bila haraka. Mama na jirani wamelingana kwenye mchele. Tofauti yao ni sado 2 za maharage tu, na tofauti ya fedha ni 12,000. Kwa hiyo 2m = 12,000, m = 6,000. Jirani ametoa 22,000, ukiondoa 6,000 ya maharage zinabaki 16,000 za sado mbili za mchele, k = 8,000. Rudi kwa Mama: 18,000 na 16,000 ni 34,000. Imekaa.

Mwanangu, kama umeielewa aya hiyo kwa maneno, zile njia zenye majina, ya kuondoa na ya kubadili, ni nguo tu za jambo hilohilo. Wauza mchele wa Mwanjelwa wanatatua milinganyo ya aina hii wakiwa wamesimama, na wanakuhesabia chenji kabla hujatoa simu.

Shule ya msingi nilikuwa wa kwanza kwa hesabu. Kidato cha kwanza nimeanguka. Nimerogwa?

Umebadilishiwa lugha. Darasa la saba ulijua asili, kiasi, KDS, mlinganyo, mzingo. Januari ukaingia sekondari ukakuta dinomineta, numareta, elisiemu, ikweshini, perimita. Vitu ni vilevile, vimevaa koti la Kiingereza. Tengeneza kurasa mbili nyuma ya daftari, kila neno jipya mkabala na la zamani, ukiongeza mfano mmoja wa namba. Nimeona watoto wakirudi juu ndani ya muhula mmoja kwa kurasa hizo mbili tu, bila kufundishwa hesabu yoyote mpya.

Kwenye mtihani wa kidato cha nne, hatua zina alama kweli?

Maelekezo ya karatasi ya Baraza la Mitihani huwa yanataka kazi yote ya lazima ionekane wazi. Jibu tupu halimwonyeshi msahihishaji ulichokijua. Na hatua sahihi zilizoishia kwenye kosa dogo la kujumlisha bado zina cha kuokota.

Muundo tuliouzoea miaka hii ni maswali 14: sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10, saa tatu. Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama. Swali la A lina kama dakika 11, la B dakika 18. Ukijikuta dakika ya 20 kwenye swali la alama 6, acha nafasi, endelea mbele.

Kalkulasi ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) wanakutana nayo kwenye hesabu kubwa, wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) kwenye ile ndogo yao, na wote wanakuja na swali hili wakiwa tayari wanajua "shusha kipeo mbele, punguza moja". Wanaijua mbinu, hawajui inapima nini.

Basi limetoka Mbeya kwenda Dar. Ukigawa kilomita zote kwa saa zote unapata wastani, tuseme 60 kwa saa. Wastani huo haujui kwamba kwenye tambarare kati ya Chimala na Igawa dereva alikanyaga mafuta, wala kwamba kwenye mteremko wa Kitonga alishuka kwa gia ndogo nyuma ya malori. Sasa kuna trafiki amejificha chini ya mti na tochi. Yeye hajali wastani wako tangu Mbeya. Anataka mwendo wako wa pale ulipo. Tochi inafanyaje? Inapima umbali mara kadhaa ndani ya kipande kidogo sana cha sekunde, inagawanya badiliko la umbali kwa badiliko la muda. Hiyo ndiyo diferensiesheni, na faini yake ni halali.

Tufanye sisi. Tuseme t ni muda na umbali ni t², na tunataka mwendo t ikiwa 3.

Kuanzia 3 hadi 4: (16 − 9)/1 = 7
Kuanzia 3 hadi 3.1: (9.61 − 9)/0.1 = 6.1
Kuanzia 3 hadi 3.01: (9.0601 − 9)/0.01 = 6.01

Unaona inakokwenda. Ni 6. Kwa herufi, kipande cha muda tukikiita h:

((t + h)² − t²)/h = (2th + h²)/h = 2t + h

h ikizidi kupungua tunasogelea 2t. Kwa t = 3 ni 6. Na ile "shusha kipeo mbele" imezaliwa hapo.

Lakini h ikiwa sifuri umegawanya kwa sifuri. Na kama si sifuri, mbona umeitupa mwishoni?

Aliyeniuliza hivi alianza na "samahani ticha, swali la kijinga". Askofu George Berkeley aliwauliza wanahisabati hilohilo mwaka 1734, wakati kalkulasi ya Newton na Leibniz ilikuwa bado changa, na jibu lililonyooka lilikuja karne ya 19. Jibu ni kwamba hatuiweki h kuwa sifuri hata siku moja. Tunauliza: 2t + h inasogelea namba gani, kwa ukaribu wowote utakaoutaka, h inapopungua? Namba hiyo ndiyo limiti.

Na kuhusu maswali ya kijinga, wa Iringa mnapaswa kumjua Erasto Mpemba. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Mkwawa, hapo Iringa, alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri aliyewatembelea, kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Wenzake walicheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu ya jambo hilo, na hadi leo dunia inaliita kwa jina la Mpemba.

Nikizidisha x² na x³, kwa nini siwezi kudiferensieti kila kimoja kisha nizidishe?

Jaribu. Kila kimoja ni 2x na 3x², zao lake 6x³. Lakini x² × x³ ni x⁵, na yenyewe inatoa 5x⁴. Hayafanani hata kipeo. Kila unapohisi njia ya mkato, ijaribu kwenye mfano ambao jibu lake unalijua.

Kalkulasi itanisaidia nini shambani?

Una wavu wa mita 40, unataka banda la kuku linaloegemea ukuta wa nyumba, kwa hiyo unazungushia pande tatu tu. Pande mbili zinazotoka ukutani ni x, unaobaki ni 40 − 2x. Eneo ni x(40 − 2x) = 40x − 2x². Idiferensieti upate mteremko wake, 40 − 4x, na kileleni mteremko ni sifuri: x = 10. Banda la mita 10 kwa 20, mita za mraba 200. Jaribu 9 kwa 22 upate 198, jaribu 11 kwa 18 upate 198. Kama kilele cha Rungwe, ukipita huku unashuka, ukipita kule unashuka.

Kwa nini + C kwenye integresheni? Nikisahau kuna ubaya?

Integresheni ni diferensiesheni ikirudi nyuma, kutoka mwendo kwenda umbali. Nikikupa mwendo wa basi dakika kwa dakika, utajua limekwenda kilomita ngapi. Hutajua limefika wapi, mpaka nikuambie lilianzia Tunduma au Makambako. C ndiyo stendi lilipoanzia. Ukisahau, umepoteza alama.

Kuna programu za simu zinazopiga picha swali na kutoa hatua zote. Ni dhambi?

Si dhambi, na nyingine ni nzuri kuliko walimu fulani, nikiwemo mimi siku nikiwa nimechoka. Sharti langu: kwanza fanya mwenyewe hadi ukwame, weka alama pale ulipokwama, ndipo uifungue, usome mstari mmoja tu unaofuata, uifunge. Rudi kwenye daftari. Ukisoma hatua zote nane kwa mkupuo utatikisa kichwa, utaona umeelewa, na kesho asubuhi hutakuwa na kitu. Na usiiamini kipofu: kamera ikisoma 5 kama S, au ikikosa alama ya toa, itakupa hatua safi kabisa za swali lisilo lako.

Mwalimu, mimi mzazi niliishia darasa la saba. Namsaidiaje mtoto wa kidato cha tatu?

Mama, kaa naye dakika 10, mwambie akueleze swali moja alilofanya, na kila mstari muulize "hapa umefanya nini?" Huhitaji kujua jibu. Utajua kwa sauti yake pale anapobabaika.

Darasa ni lini, na nije na nini?

Jumatatu hadi Alhamisi saa 11 jioni, Jumamosi saa 3 asubuhi. Daftari la kurasa nyingi, kalamu mbili, rula ya kupigia ule mstari wa katikati. Juni na Julai njoo na sweta, chumba kina baridi na vidole vikiganda mwandiko unaharibika. Kifutio acha nyumbani. Kosa tunalipiga mstari mmoja, tunaliacha lisomeke.